Kutoka Usevya hadi Hombolo: Njia ndefu ya mafunzo ya viongozi wa vijiji

MTU anayechaguliwa kuwa mwenyekiti wa kijiji nchini Tanzania hatakiwi na sheria kuwa na cheti cha aina yoyote. Miongoni mwa masharti ni awe na umri wa miaka 21 au zaidi, awe mkazi wa kijiji husika, na awe anajua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Ofisa mtendaji wa kijiji, anayeketi kando yake kama katibu wa halmashauri ya kijiji, anatakiwa awe amemaliza kidato cha nne au cha sita na kuhitimu chuo.

Wawili hao ndio wanaotia saini muhtasari mmoja. Tofauti ya maandalizi yao ndiyo inayoufanya mjadala wa mafunzo ya viongozi wa serikali za mitaa kuwa mzito, hususan katika maeneo yaliyo mbali na vyuo kama Usevya, mkoani Katavi.

Usevya ni kata iliyomo katika Halmashauri ya Wilaya ya Mpimbwe, wilayani Mlele, kwenye bonde la Rukwa, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Hadi mwaka 2012, Katavi ilipotangazwa rasmi kuwa mkoa, eneo hilo lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mpanda, Mkoa wa Rukwa. Halmashauri ya Mpimbwe yenyewe ilizaliwa baadaye, katikati ya miaka ya 2010, kutokana na kugawanywa kwa Halmashauri ya Mlele.

Kila mgawanyo wa namna hiyo huwa na gharama ambayo haionekani katika bajeti: idara mpya, wakuu wapya wa idara na watendaji waliohamishwa kutoka kwingine, ambao hulazimika kujifunza kazi wakiwa kazini.

Kwa jambo moja eneo hilo lina bahati. Kibaoni, kijiji jirani na Usevya, ndiko nyumbani kwa Mizengo Pinda, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia Februari 2008 hadi Novemba 2015. Kabla ya hapo Pinda alikuwa Naibu Waziri na kisha Waziri wa Nchi aliyeshughulikia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI), yaani wizara ileile yenye dhamana ya watendaji na wenyeviti wa vijiji.

Chuo kilichoanzishwa mahsusi kwa ajili ya kada hiyo ni Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo, kilichopo kaskazini mashariki ya jiji la Dodoma, chini ya Sheria Na. 26 ya mwaka 1994. Mwaka huo unastahili kutazamwa mara mbili. Halmashauri za wilaya zilizofutwa mwaka 1972 katika mpango wa Madaraka Mikoani zilirejea kazini mwaka 1984, baada ya Bunge kutunga sheria mpya mwaka 1982. Kwa hiyo zilikaa takriban miaka kumi bila chuo chao wenyewe.

Kabla ya hapo kilikuwapo. Mzumbe, mkoani Morogoro, ilianza mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa, ikiwaandaa machifu na makarani wa tawala za wenyeji za wakati wa ukoloni. Mwaka 1972, mwaka uleule zilipofutwa halmashauri, shule hiyo ikageuzwa kuwa sehemu ya Chuo cha Uongozi wa Maendeleo (IDM), na mwaka 2001 ikawa Chuo Kikuu Mzumbe. Nchi ilipozirejesha serikali za mitaa, shule yake ilikwisha kupata kazi nyingine.

Hombolo leo hutoa astashahada na stashahada katika utawala wa serikali za mitaa, uhasibu na fedha, maendeleo ya jamii na fani nyingine zinazokaribiana na hizo, pamoja na kozi fupi kwa madiwani na viongozi wa vijiji. Karibu kila tangazo la ajira ya mtendaji wa kijiji hukitaja chuo hicho kwa jina, kabla ya kuongeza maneno "au chuo chochote kinachotambuliwa na Serikali". Maneno hayo hukifungulia mlango Chuo cha Utumishi wa Umma, ambacho tawi lake la Tabora ndilo lililo karibu zaidi na watu wa Katavi. Kipo pia Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, Dodoma.

Kwa miaka mingi safari ya kutoka Usevya kwenda Hombolo ilikuwa ya siku kadhaa: kwa gari hadi Mpanda, kwa treni hadi Kaliua na Tabora, kisha reli ya kati hadi Dodoma. Barabara ya lami kati ya Tabora na Mpanda imeipunguza adha hiyo. Hata hivyo nauli, posho ya kujikimu na siku za kutokuwapo ofisini bado ni mzigo wa halmashauri, nayo yenye mapato madogo ndiyo iliyo mbali zaidi.

Serikali iliwahi kulitafutia jambo hilo ufumbuzi. Katika Programu ya Maboresho ya Serikali za Mitaa, kuanzia mwaka wa fedha 2004/05, halmashauri zilipimwa kila mwaka kabla ya kupewa ruzuku ya maendeleo. Iliyoshindwa vigezo ilinyimwa fedha za miradi, lakini haikunyimwa ruzuku ya kujenga uwezo. Hoja ilikuwa kwamba aliyeshindwa mtihani ndiye anayehitaji mwalimu. Ni vigumu kupata hoja bora zaidi ya hiyo katika historia ya maboresho hayo.

Lakini fedha za namna hiyo huwanufaisha zaidi watumishi wa kuajiriwa. Mwenyekiti wa kijiji na wenyeviti wa vitongoji si waajiriwa, na muda wao ni miaka mitano. Uchaguzi wa Novemba 24, 2019 ulileta kundi moja na ule wa Novemba 27, 2024 ukaleta jingine, katika vijiji zaidi ya 12,000 nchini. Aliyeshindwa huondoka na yote aliyofundishwa. Anayeingia hupewa semina elekezi ya siku chache, mara nyingi makao makuu ya kata au ya halmashauri, na kabrasha la kwenda kusoma nyumbani.

Uzito wa maamuzi yanayomsubiri hauna uhusiano na ufupi wa semina hiyo. Halmashauri ya kijiji huwa na wajumbe kati ya 15 na 25, na wanawake hawapungui robo. Hutunga sheria ndogo, ambazo hupelekwa mkutano mkuu wa kijiji na kisha kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Huunda kamati tatu za kudumu: ya fedha, uchumi na mipango, ya huduma za jamii na kujitegemea, na ya ulinzi na usalama. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, husimamia ardhi yote ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji.

Katika bonde la Rukwa, hapo kwenye ardhi ndipo penye moto. Wakulima wa mpunga na mahindi wanaishi pamoja na wafugaji waliohamia na mifugo yao kutoka mikoa mingine, na hifadhi iliyo jirani haisogei kumpisha mtu. Sheria inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi kabla mkutano mkuu, yaani wanakijiji wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, haujaridhia.

Mwenyekiti asiyelijua sharti hilo anaweza kutoa ekari kadhaa kwa nia njema kabisa, na miaka kumi baadaye mwenye shamba akajikuta hana shamba. Mahakama ya Rufani imekwisha kutamka kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji yasiyo na idhini ya halmashauri ya kijiji ni batili. Mnunuzi hawezi kujitetea kwa kusema kwamba kiongozi hakufundishwa.

Tatizo jingine ni mafunzo kuchakaa. Wajumbe wa mabaraza ya kata waliofundishwa kabla ya mwaka 2021 walielezwa kwamba wanaweza kusikiliza na kuamua migogoro midogo ya ardhi. Marekebisho ya sheria ya mwaka huo yaliwaondolea mamlaka hayo. Sasa kazi yao ni kusuluhisha tu, ndani ya siku 30, na usuluhishi ukishindikana mlalamikaji huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa watu wa Katavi ni lile lililopo Mpanda. Uamuzi wa baraza la kata unaotolewa leo kwa mtindo wa zamani hauna nguvu, hata kama ni wa haki.

Kwa watendaji, mabadiliko yamekuwa ya kasi zaidi. Ushuru hukusanywa kwa mashine za kielektroniki zilizounganishwa na mfumo wa TAUSI. Ununuzi wa umma ulihamia mfumo wa NeST Oktoba 1, 2023, na mwaka huohuo ikatungwa Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma. Ofisa aliyehitimu stashahada mwaka 2015 hakufundishwa hata kimoja kati ya hivyo.

Mtumishi anayetaka kurudi darasani huhitaji ruhusa ya mwajiri wake, ambaye ni mkurugenzi mtendaji wa halmashauri, na jina lake linapaswa kuwamo katika mpango wa mafunzo wa halmashauri. Anayeomba baada ya mpango kupitishwa mara nyingi hujisomesha mwenyewe.

Kwa kijana asiye mwajiriwa mlango uko wazi zaidi. Mwenye cheti cha kidato cha nne chenye ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini anaweza kuanza na astashahada ya awali, kisha kupanda hadi astashahada, ambayo ndiyo matangazo ya ajira ya mtendaji wa kijiji yamekuwa yakiitaja. Ada na nauli ni juu ya familia.