Kumpunguzia mtoto mazoezi kabla ya mashindano ya kuogelea: mambo ambayo mama na mlezi wanapaswa kujua

Mama mmoja alikuja kliniki na binti yake wa miaka 13. Bega la kulia lilikuwa linamuuma mtoto kiasi kwamba hakuweza kuinua mkono kuvaa shati la shule. Zilikuwa zimebaki siku nne kufika mashindano yake makubwa ya mwaka.

Nilipouliza, mama alinieleza kwamba kocha alikuwa ameanza kuwatoa watoto bwawani mapema. Akaona kocha anazembea. Basi kila jioni alikuwa akimrudisha binti majini kwa mwalimu mwingine ili afidie muda uliopotea.

Mama huyu alikuwa na nia njema. Lakini kocha hakuwa anazembea. Alikuwa anawapunguzia watoto mazoezi kwa makusudi, ila hakuna aliyemweleza mama sababu yake. Makala hii inaeleza sababu hiyo, na kazi yako nyumbani katika siku hizo.

Kwa nini mazoezi hupunguzwa?

Mtoto anapoogelea kwa bidii, misuli yake huchoka na akiba ya nguvu iliyomo ndani yake hupungua. Misuli haijengeki wakati mtoto yuko majini. Hujengeka baadaye, anapokula, anapopumzika na anapolala.

Baada ya miezi ya mazoezi makali, mtoto huwa na uwezo mkubwa kuliko unavyouona. Uwezo upo, ila uchovu umeufunika. Mazoezi yakipunguzwa, uchovu huondoka na uwezo hubaki, kwa sababu mwili haupotezi nguvu zake kwa wiki moja au mbili.

Hili limepimwa. Kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, watafiti walilinganisha muda wa waogeleaji wiki tatu kabla ya michezo na muda wao kwenye michezo yenyewe. Kwa wastani walikuwa wameongeza kasi kwa takriban asilimia 2. Ni kidogo, lakini kwa anayeogelea mita 100 kwa dakika 1 na sekunde 20, asilimia 2 ni kama sekunde 1.6. Hao walikuwa waogeleaji wa ngazi ya juu, kwa hiyo usimwahidi mtoto wako kiwango hichohicho.

Mazoezi hupunguzwaje?

Kinachopunguzwa ni umbali. Kasi haipunguzwi, na siku za kwenda bwawani hubaki karibu zilezile. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba matokeo mazuri zaidi hupatikana umbali unapopunguzwa kidogo kidogo, kwa asilimia 41 hadi 60, katika muda wa wiki mbili hivi.

Mfano, kijana aliyezoea kuogelea mita 24,000 kwa wiki:
- Wiki ya kawaida: mita 24,000
- Wiki mbili kabla ya mashindano: mita 16,000
- Wiki ya mwisho: mita 10,000

Katika mita hizo chache, kocha humpa mbio fupi za kasi, mita 25 au 50, na mapumziko marefu katikati. Ndiyo maana ukipita bwawani unaweza kuwakuta watoto wamekaa pembeni. Kupumzika huko ni sehemu ya mazoezi.

Mtoto mdogo, au anayeogelea siku mbili au tatu tu kwa wiki, hajabeba uchovu mwingi. Yeye hutoshwa na siku chache za mazoezi mepesi. Muulize kocha mapema: mazoezi yanaanza kupunguzwa lini, na mtoto afanye nini siku za mapumziko?

Mtoto anaweza kujisikiaje?

Baadhi ya watoto husema mwili ni mzito siku za mwanzo. Wengine hujaa nguvu na hawatulii nyumbani. Wengine huwa na hasira au wasiwasi kwamba wanapoteza kasi. Haya ni ya kawaida. Mtulize, usimuulize kila siku kama atashinda.

Kazi yako nyumbani

1. Usijaze nafasi iliyobaki. Asipewe mazoezi ya ziada, asikimbizwe barabarani, wala asicheze mpira mchana kutwa kwa kuwa ana nafasi. Kazi ndogo za nyumbani aendelee nazo, lakini kubeba ndoo za maji na mizigo mizito umpunguzie wiki hii.

2. Alale vya kutosha. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 kwa siku. Wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Simu ibaki kwako usiku.

3. Ale chakula alichozoea. Wali, ugali, viazi vitamu, ndizi na uji hujaza akiba ya nguvu kwenye misuli. Maharage, mayai, samaki, dagaa na maziwa husaidia kuijenga. Hahitaji sahani iliyojaa kupita kiasi, wala kunyimwa chakula eti atanenepa.

4. Anywe maji. Mtoto aliye majini hutoka jasho bila kuliona. Mkojo ukiwa wa manjano iliyoiva, anahitaji kunywa zaidi.

Mambo ya kuepuka

- Usimpe dawa za maumivu ili aendelee kuogelea na bega linalouma. Dawa huficha maumivu, lakini jeraha huendelea kuongezeka.
- Usimpe vinywaji vya kuongeza nguvu vya dukani. Vina kafeini, ambayo huweza kuharakisha mapigo ya moyo na kumnyima usingizi.
- Usimkatishe dawa zake za kila siku. Mwenye pumu aendelee na dawa zake, na pampu yake aende nayo bwawani.
- Vijana wengine hunyoa miguu na mikono kabla ya mashindano. Wasichangie wembe. Virusi vya homa ya ini aina ya B na virusi vya UKIMWI vinaweza kupita kwenye damu inayobaki kwenye wembe.

Uchovu usioondoka

Hapa ndipo ninapotaka usome kwa makini. Mtoto aliyepunguziwa mazoezi anatakiwa kuonekana mchangamfu zaidi kadiri siku zinavyokwenda. Ikiwa wiki imepita, analala vizuri, anakula, na bado amechoka, usiseme ni mazoezi. Mazoezi yameshapungua. Tafuta sababu nyingine.

Upungufu wa damu ni sababu mojawapo, hasa kwa wasichana walioanza kupata hedhi. Tazama kama viganja na ndani ya kope vimepauka, au kama anahema haraka akipanda ngazi. Kipimo cha wingi wa damu hufanyika haraka kwenye kituo cha afya. Usimnunulie vidonge vya madini ya chuma kabla hajapimwa.

Malaria huanza kwa uchovu na maumivu ya viungo, na ni rahisi kuyachanganya na maumivu ya mazoezi. Mtoto mwenye homa apimwe malaria siku hiyohiyo, hata kama mashindano ni kesho.

Kutokula vya kutosha ni sababu nyingine. Msichana ambaye hedhi yake imekatika kwa miezi mitatu, au amefika miaka 15 bila kuianza, aonwe na daktari. Wengine hudhani hedhi kukatika ni alama ya mazoezi mazuri. Mara nyingi ni alama kwamba mwili haupati chakula kinacholingana na kazi unayofanya, na mifupa nayo huumia.

Mpeleke kituo cha afya bila kusubiri kama:
- ana homa
- anapumua kwa shida, au kifua kinabana
- amezimia, au anahisi kizunguzungu akifanya mazoezi
- bega linamuuma hata akiwa amepumzika, au maumivu yanamwamsha usiku
- sikio linauma au linatoa usaha
- anaharisha au anatapika mfululizo

Mtoto mwenye homa asiingie majini kabisa. Mwili unaopambana na ugonjwa ukiongezewa kazi nzito, moyo unaweza kudhurika. Anayeharisha naye asiingie bwawani, kwa sababu atawaambukiza wenzake.

Ni vigumu kumwambia mtoto aliyejiandaa mwaka mzima kwamba hatashiriki. Atalia, na pengine wewe pia. Lakini mashindano mengine yatakuja, na atayafikia akiwa na afya.

Siku ya mashindano

Ale mlo wake saa mbili au tatu kabla ya kuogelea, usio na mafuta mengi: uji na mkate, au wali kidogo. Chakula kipya asijaribu siku hii. Kati ya mbio moja na nyingine, ndizi mbivu na maji vinatosha. Akae kivulini, na akitoka majini ajifute na kuvaa nguo kavu.

Yule binti wa miaka 13 hakuogelea mashindano yale. Alipumzisha bega, akafundishwa mazoezi mepesi ya kuliimarisha, kisha akarudi bwawani taratibu. Mama yake sasa humuuliza kocha ratiba ya mapumziko kama anavyouliza ratiba ya mazoezi.

Kumbuka: wiki mbili za mwisho si wakati wa kuongeza nguvu mpya. Ni wakati wa kulinda zile ambazo mtoto ameshazijenga. Na kama amepumzika lakini uchovu haujaondoka, mlete apimwe.