AKIBA YA MALKIA WA NYUKI



Baada ya somo letu lililopita juu ya ufugaji wa nyuki, mzee mmoja wa hapa Lamadi alisimama akauliza: "Mwalimu, tumesikia kwamba watu wa Ulaya huweka malkia wa akiba wakati wote wa baridi. Mbona baba zetu hawakufanya hivyo? Je, hawakujua?" Swali hilo ni zuri, na jibu lake limo katika historia. Basi tulitazame pamoja.

Zamani watu wengi wenye elimu, hata Aristotle wa Uyunani, walidhani kwamba mkuu wa mzinga ni mfalme. Mwaka 1609 Mwingereza mmoja, Charles Butler, alitoa kitabu akieleza kwamba mkuu huyo ni jike. Mwaka 1792 François Huber wa Uswisi alitoa kitabu chake kikubwa juu ya nyuki. Huber alikuwa kipofu. Mtumishi wake, Burnens, ndiye aliyetazama mizinga na kumweleza kila alichokiona. Watu hao wawili walihakikisha kwamba malkia hupandwa na madume nje ya mzinga, akiwa angani.

Hapo ndipo shida ya Ulaya inapoanza. Malkia akifa wakati wa kiangazi, nyuki huchukua jana changa la siku chache tu, hulilisha chakula maalumu, na malkia mpya hutoka. Tangu yai mpaka malkia kamili ni siku 16. Lakini akifa katikati ya baridi kali, hakuna majana, madume hakuna, wala hakuna anayeweza kuruka. Mzinga huo umekwisha. Kwa hiyo wafugaji wengine wa huko huweka malkia wa akiba.

Mwaka 1851 Langstroth wa Marekani alitengeneza mzinga wenye fremu zinazotolewa na kurudishwa. Mwaka 1889 Mmarekani mwenzake, Doolittle, alieleza katika kitabu namna ya kuzalisha malkia wengi kwa makusudi. Baada ya hapo watu walijifunza kuwahifadhi. Malkia wawili wakikutana hupigana mpaka mmoja afe, basi kila mmoja hutiwa katika kitundu chake cha wavu, na nyuki wa kazi huwalisha kupitia matundu. Wakati wa baridi njia hiyo ni ngumu, maana nyuki hujikusanya kama mpira ili wapate joto, na malkia aliye kando huganda. Wengi huona ni afadhali kumpa kila malkia kikundi chake kidogo, na kuviweka vikundi hivyo juu ya mzinga wenye nguvu ili vipate joto kutoka chini.

Sasa tuje kwetu. Hapa Lamadi, kando ya Ghuba ya Speke, hatuna theluji. Adui wetu ni ukame wa kuanzia mwezi wa Juni mpaka Septemba, na moto wa nyika. Nyuki wetu hawakujifunza kukaa na kuvumilia, walijifunza kuhama. Maua yakikauka na maji yakipungua, huondoka wote pamoja na malkia wao. Mvua zikirudi, makundi huja tena. Tena nyuki hawa hugawanyika mara nyingi, na kila kundi jipya lina malkia wake.

Baba zetu waliliona jambo hilo. Ndiyo sababu mrina asali alitundika mizinga mingi mitini, hata ile mitupu. Mzinga mtupu ni nyumba inayomngoja mgeni. Akiba yake ya malkia ilikuwa porini, nayo haikuhitaji kulishwa wala kupashwa joto. Basi, mzee wangu, hawakuwa wajinga. Walikuwa na njia nyingine.

Tabia hiyo ya nyuki wetu dunia nzima iliijua baadaye. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazili, Warwick Kerr, alichukua malkia kutoka Afrika ili kupata nyuki wanaofaa nchi za joto. Wengi walitoka Afrika Kusini, lakini alikuwamo na wa kutoka Tabora. Waliwekwa Rio Claro, na milango ikazibwa kwa wavu asioweza kupita malkia. Mwaka 1957 mtu mmoja aliziondoa nyavu hizo, na makundi 26 yakatoroka. Uzao wao ulienea mpaka ukaingia Marekani mwaka 1990. Wavu ulipoondolewa, nyuki walifanya kama wafanyavyo kwetu: walihama.

Lakini angalia, ndugu msomaji. Akiba ya porini hudumu ikiwa pori lipo. Leo miti inakatwa kwa mkaa na mashamba. Anayerina kwa kuchoma mzinga humwua malkia na majana yake, na pengine hakuna kundi jingine karibu la kuja mahali pao. Jirani anayepiga dawa ya pamba asubuhi, nyuki wakiwa mauani, huua wengi kwa siku moja.

Kwa hiyo rina kwa moshi, si kwa miali. Acha masega yenye majana, na asali kidogo ya kiangazi. Weka maji karibu. Ukipiga dawa, piga jioni nyuki wakiisha kurudi. Huko ndiko kutunza akiba yetu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:
1. Kwa nini malkia akifa wakati wa baridi ya Ulaya mzinga hufa?
2. Mizinga mitupu ya baba zetu ilikuwa na faida gani?
3. Katika kijiji chako, ni miti gani ambayo bado makundi ya nyuki hukaa? Nani anailinda?