Usafishaji wa mtutu

Usafishaji wa mtutu ni kuondoa masizi na mabaki ya baruti ndani ya bunduki iliyokwisha kuhakikishwa haina risasi. Wapenzi wengi wa shabaha wanaotumia bunduki kongwe, kama Mosin-Nagant ya Urusi ya mwaka 1891, huamini mafuta yanatosha. Hayatoshi. Viwashio vya risasi nyingi za kijeshi za zamani vina kloreti ya potasiamu, ambayo ikiungua huacha kloridi ya potasiamu, chumvi inayovuta unyevu hadi chuma kikaliwa na kutu. Mafuta hayayeyushi chumvi, maji huiyeyusha. Wapo wanaohofu kwamba maji nayo huleta kutu, na hofu hiyo ina msingi, ila maji ya moto hupasha mtutu ukakauka upesi. Hapo ndipo mafuta kidogo yanapofaa.