Gofu: Masomo yaanzie karibu na shimo

Wengi wanaojifunza gofu, wawe Gymkhana au Lugalo jijini Dar es Salaam, hutamani kwanza kupiga mbali. Hesabu ya mchezo huo ni nyingine. Katika uwanja wa mashimo 18 wenye kiwango cha mapigo 72, mapigo 36, yaani mawili kwa kila shimo, hutengwa kwa kusukuma mpira kwenye nyasi fupi zinazozunguka shimo, ambalo upana wake ni milimita 108 tu.

Uzungushaji wa fimbo nao wahitaji jicho la mwalimu, kwani mchezaji hajioni anapokaza mikono kupita kiasi. Hata hivyo, mwenye fedha za masomo machache ni heri aanzie shimoni: pigo la mita moja likikosa, huhesabiwa sawa na la mita 200.