Jiko la kuchomea samaki ndani ya boti dogo: niliyojifunza Naivasha

Mpwani akisikia boti na samaki hudhani hana la kufundishwa na mtu wa bara. Nami nilidhani hivyo mpaka Desemba iliyopita, nilipokwenda Nakuru kumtembelea shemeji yangu akatupeleka Naivasha. Ziwa Nakuru ni la magadi na limo ndani ya mbuga ya wanyama, kwa hivyo anayetaka boti na samaki wa kula huenda Naivasha.

Tulinunua tilapia kwa wavuvi wa Kamere, tukapanda boti la faiba, tukawasha jiko la bati katikati ya ziwa. Saa nane mchana upepo ukaanza. Cheche moja ikatua kwenye jaketi la kuokolea alilovaa mpwa wangu wa miaka saba, ikalitoboa. Mtoto akaruka, boti likalala upande, jiko likateleza mpaka likagota kwenye galoni la petroli. Kifuniko kilikuwa kimefungwa, alhamdulillahi. Kosa lilikuwa letu sisi watu wazima. Kwa kuwa kila likizo Wapwani wanazidi kwenda bara, naandika niliyoyachunguza tangu siku hiyo.

Jambo la kwanza ni petroli, si jiko. Ukiliweka galoni upande upepo unakotoka, mvuke wake unapeperukia kwenye moto. Ukiliweka upande wa demani, cheche zinalifuata. Katika boti la futi kumi na tano hakuna mahali pa tatu. Kwa hivyo boti lenye injini lisichomewe samaki likiwa majini wazi. Lifunge gatini, zima injini, chomoa mpira wa mafuta, teremsha galoni, ndipo uwashe. Boti la makasia halina shida hiyo. Tia nanga kwa omo ili ligeukie upepo, jiko likae upande wa tezi na watu wakae mbele yake, cheche ziende ziwani.

Mtu ataniuliza, mbona usichome ufuoni tu? Ukipata mahali peupe pa mchanga, choma huko, tena ni bora. Lakini sehemu nyingi za Naivasha ukingo wake ni mafunjo na nyasi, na jua likizama viboko hupanda kuja kula nyasi hizo. Kiboko haulizi nani kaja na samaki.

Sasa jiko lenyewe. Yale ya kukunja yenye miguu myembamba, yanayouzwa madukani, ni mepesi kubeba na mepesi kupinduka. Jiko letu la kawaida, bati nje na udongo ndani, lina kiuno chembamba na uzito wake uko juu. Nyumbani halina neno, botini wimbi moja linatosha. Mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake ndio nauogopa zaidi. Ni mrefu, na gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja nje ya boti hupeperuka, ikivuja ndani huteremka ngamani na kutuama kama maji, ikingoja kiberiti.

Mimi nilikwenda kwa fundi wa jua kali nikamchorea jiko la mstatili, fupi, pana chini kuliko juu, kingo zipande vidole vinne juu ya makaa, wavu ufungwe kwa ndoano, na liwe na mfuniko. Mfuniko si urembo. Mafuta ya samaki yakidondoka na kuwaka, unafunika na moto unakufa; ukimwagia maji, mafuta yanaruka na moto wake. Chini ya jiko nimeweka kisanduku cha mbao kilichojazwa mchanga. Hilo sikulibuni, mabaharia wa majahazi walipikia hivyo juu ya mbao kavu safari nzima.

Makaa yawashwe nchi kavu mpaka yaache kurusha cheche na yavae jivu, kisha watu wawili walibebe jiko. Kwetu tungewasha kwa vifuu. Huko hakuna, tumia vijiti vikavu, si petroli wala mafuta ya taa. Choma asubuhi, kwani ziwa huwa shwari na upepo huzidi baada ya adhuhuri. Chai itie kwenye chupa kabla ya kutoka: Naivasha iko karibu mita 1,890 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na kunde utazingoja. Samaki wa wavuni hadhuriki na urefu huo. Kapu ana vimiiba vingi, mkate mistari ya karibukaribu mbavuni kabla ya kumtia ndimu na chumvi.

Lipo jambo moja ambalo sisi wa joto hulisahau. Jioni za huko ni baridi, na mvua ikinyesha watu hushusha mapazia ya turubai wakalikumbatia jiko. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu wala rangi, humlaza mtu asiamke. Jiko lenye makaa mekundu lisiwe chini ya paa lililofungwa, hata kwa dakika kumi.

Mkimaliza, funika jiko liachwe. Makaa hukaa hai chini ya jivu kwa saa nyingi, na udongo wa moto ukimwagiwa maji hupasuka. Mimi huyahamishia kwenye debe la bati lenye kifuniko, nikalizamisha maji nikiwa nchi kavu, ndipo galoni la petroli linaporudi botini.