Kukloni Diski ya Kuwashia: Historia ya Kuhamisha Kompyuta Nzima

Diski inayowasha kompyuta hubeba vitu vya aina mbili. Kuna faili, ambazo mtumiaji huziona na kuzinakili apendavyo, na kuna maelezo mafupi yaliyojificha nje ya faili hizo, yanayoielekeza mashine pa kuanzia kila inapowashwa. Anayenunua diski kubwa zaidi na kuhamishia faili peke yake hupata diski iliyojaa data lakini isiyowaka. Kukloni ni kuhamisha vyote viwili pamoja, na mbinu zake zimebadilika kila maelezo hayo yalipohamia mahali pengine.

Miongoni mwa zana kongwe za kazi hii ni dd, amri ya mfumo wa Unix iliyokuwapo tangu toleo la tano la mwaka 1974. Amri hiyo haijui faili ni nini. Husoma diski kutoka mwanzo hadi mwisho na kuandika kila baiti kwenye diski ya pili, pamoja na nafasi tupu. Nakala yake ni kamili, lakini ina gharama: kazi huchukua muda mrefu hata kama diski ina data kidogo, na diski mpya ikiwa kubwa, nafasi ya ziada hubaki nje ya matumizi mpaka mtu aipanue. Pia haiulizi mara mbili. Anayekosea jina la diski hufuta ile aliyokusudia kuiokoa.

Kwa kompyuta za mezani, historia inaanza mwaka 1983, IBM ilipotoa PC XT yenye diski ya megabaiti 10 pamoja na DOS 2.0. Sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512, ilitengewa programu fupi ya kuwashia na jedwali la pateshini, yaani sehemu ambazo diski imegawanywa. Jedwali lilikuwa na nafasi nne tu. Kuhama wakati huo kulifanyika kwa mikono: fundi aligawa diski mpya kwa FDISK, akaiandaa kwa FORMAT huku akiweka faili za kuwashia, kisha akanakili zilizobaki. DOS ilikuwa na faili chache, hivyo njia hiyo ilitosha.

Windows 95 iliivunja. Majina marefu ya faili yalipotea yaliponakiliwa kwa amri za DOS, na rejista inayotunza mipangilio yote ilikuwa wazi muda wote mfumo ulipokuwa ukifanya kazi. Mwaka huohuo wa 1995, Murray Haszard wa kampuni ya Binary Research huko Auckland, New Zealand, alianza kutengeneza Ghost. Programu hiyo iliwashwa kutoka DOS, Windows ikiwa haijawashwa, ikanakili diski nzima. Kwa kuwa ilielewa FAT, muundo wa kupanga faili uliotumiwa na DOS na Windows 95, iliruka nafasi tupu na kuweza kubadili ukubwa wa pateshini wakati wa kunakili. Kuhamia diski kubwa sasa kukawa kazi ya hatua moja.

Ofisi na vyuo viliipokea kwa sababu nyingine: kompyuta moja iliyoandaliwa vizuri iliweza kuzaa mamia zinazofanana nayo. Kampuni ya Symantec iliinunua mwaka 1998, na mwaka 2003 ikainunua pia PowerQuest, mshindani aliyekuwa akiuza Drive Image. Windows XP ilileta huduma ya kupiga picha ya diski ikiwa kazini, na hapo programu za kukloni zikaweza kufanya kazi bila kuzima Windows. Norton Ghost, jina ambalo Symantec iliiuzia Ghost, iliondolewa sokoni mwaka 2013. Wakati huo tayari kulikuwa na Clonezilla, programu huria kutoka Taiwan inayowashwa kwa CD au flashi na kunakili sehemu zenye data tu.

Kikwazo kilichofuata kilikuwa cha hesabu. Jedwali la mwaka 1983 liliandika anwani za sekta kwa biti 32. Kwa sekta za baiti 512, haliwezi kuvuka takribani terabaiti 2. Jibu likawa GPT, jedwali jipya lililokuja na mfumo wa kuwashia wa EFI ulioanzishwa na Intel. GPT huweka nakala yake ya akiba mwishoni kabisa mwa diski. Ndiyo maana diski inayonakiliwa baiti kwa baiti kwenda kwenye diski kubwa huachwa na akiba hiyo katikati, na lazima ihamishwe. Faili za kuwashia nazo zilipewa pateshini yao ndogo ya FAT. Isiponakiliwa, mashine haiwaki.

SSD, yaani diski zinazohifadhi data kwenye chipu, zilileta safari ya kinyume: kutoka diski kubwa kwenda ndogo. Intel ilipotoa X25-M mwaka 2008, ilikuwa na gigabaiti 80, ndogo kuliko diski nyingi zilizobadilishwa nayo. Kilichohitajika kutoshea kilikuwa data, wala si ukubwa wa diski ya zamani. Tatizo jingine lilitokana na Windows XP kuanzisha pateshini ya kwanza kwenye sekta ya 63. Mpangilio huo haulingani na vizuizi ambavyo SSD huandikia, na ukinakiliwa bila kurekebishwa hupunguza kasi. Tangu Vista, pateshini huanzia kwenye megabaiti ya kwanza. Diski za NVMe, aina mpya zaidi ya SSD, nazo zilikuja na mtego wao: Windows 7 haikuwa na dereva ya diski hizo ilipotoka, hivyo kloni iliyokamilika ingeweza kushindwa kuwaka.

Mambo matatu bado huwasumbua wanaohama. Kloni hubeba hata namba ya utambulisho ya diski, hivyo Windows ikikuta mbili zinazofanana huzima mojawapo. Inafaa kuchomoa diski ya zamani kabla ya kuwasha mpya. Pateshini ya kurejesha mfumo, inapokaa baada ya pateshini ya C yenye Windows, huzuia C kupanuliwa hadi isogezwe. Diski iliyofungwa kwa BitLocker, usimbaji wa Windows, inahitaji ulinzi huo usimamishwe kwanza, na ufunguo wa tarakimu 48 uwe umehifadhiwa pembeni.

Kloni si akiba. Hubeba virusi, faili zilizoharibika na makosa yote ya diski ya zamani. Anayehama anapaswa kuwa na nakala tofauti ya data muhimu kabla ya kuanza, na asiifute diski ya zamani mpaka mpya imewaka yenyewe na faili zake zimefunguka.