Mtoto Akikataa Chakula kwa Mlezi

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayefunga mdomo akiona kijiko si mkaidi. Katika mwaka wa kwanza uzani wake hufikia takriban mara tatu ya ule aliozaliwa nao. Mwaka wa pili huongeza kilo 2 au 3 tu. Basi na hamu ya chakula hupungua.

Kumbana pua ili afungue mdomo, kama wafanyavyo baadhi ya walezi, ni hatari: chakula chaweza kupita njia ya hewa. Kazi ya mlezi ni kuandaa chakula kwa wakati. Kiasi gani kitaliwa, mwachie mtoto. Baada ya nusu saa ondoa sahani bila kugomba.

Lakini mzazi naye ajiulize mtoto amefika kituoni na nini tumboni. Chupa ya maziwa njiani, kisha juisi na biskuti. Saa nne uji utaingia wapi? Maziwa yakizidi nusu lita kwa siku humkinaisha, na damu huweza kupungua kwa kukosa madini ya chuma.

Chakula kigeni huenda akahitaji kukionja mara 10 au zaidi. Weka samaki aliyetolewa miiba kando ya wali aliouzoea. Mlezi naye aketi mkekani ale nao, maana watoto huiga.

Jioni mlezi aseme kweli: "Leo amekula vijiko vitatu." Wengine huficha, wakiogopa lawama. Uzani ukishuka, au utepe wa kupimia mkono ukisoma chini ya sentimita 12.5, mpelekeni kliniki bila kungoja.